Mabomba Manane ya Haboba

Mwezi uliopita niliitwa na kanisa letu la zamani kule mtaa wa Juba Na Bari nikapime ukumbi. Wanataka ala mpya ya kupigwa na watoto wa shule ya Jumapili, na hiyo ndiyo kazi yangu siku hizi: natengeneza ala za muziki kwa mabomba, mbao na vyuma, nyingi zinakwenda mashuleni. Nilifika na tepu na kipimajoto, nikatembea kama mtaalamu. Nikakuta chini ya paa la mabati wameweka dari nyeupe, na feni sita zinazunguka. Ilikuwa saa sita mchana na sikuhisi joto. Nilisoma kipimajoto mara tatu, maana mimi kila kitu nakisoma mara tatu. Halafu nikakaa kwenye benchi la nyuma, nikashindwa kupima chochote kwa karibu nusu saa. Ngoja nikueleze kwa nini, rafiki yangu, na uniruhusu nianzie mbali kidogo.

Nilikuwa na miaka tisa tuliporudi Juba kutoka Eldoret, mama, mimi na Haboba. Haboba maana yake ni bibi. Watoto wote wa mtaa wetu waliwaita bibi zao hivyo, na sikumbuki kama niliwahi kumwita wangu kwa jina jingine. Mama alipata kazi uwanja wa ndege, upande wa mizigo, akawa anaondoka kabla jua halijatoka. Kwa hiyo mchana kutwa tulikuwa wawili ndani ya uzio wa matete, na banda letu la kupikia, na kuku ambao hawakumtii mtu. Nikifumba macho nasikia kinu cha Haboba kikiponda karanga, jenereta la dukani likikohoa, na ndege zikishuka chini kiasi kwamba vifuniko vya sufuria vinatetemeka. Nasikia harufu ya bamia kavu ikichemka, na ya asida, ugali wetu, iliyoshika chini ya sufuria. Ile iliyoshika ilikuwa mali yangu. Niliikwangua kwa kijiko mpaka sufuria ikang'aa, na Haboba akisema kwamba nimemsaidia kuosha.

Kazi yangu ilikuwa maji. Lori la tenki la bluu lilipita kila baada ya siku moja, likiwa limechota mtoni, nasi tulipanga jerikeni zetu mlangoni. Mimi nilizibeba, Haboba alizijaza. Alitia mpira kwenye mdomo wa jerikeni, akageuza uso, akaanza kuzozana na dereva kuhusu tope lililomo majini. Hakutazama chini hata mara moja. Maji yalipokaribia shingo alisema "kalas", yaani basi, akahamishia mpira jerikeni inayofuata, na tone halikumwagika.

Nilimwuliza anajuaje.

"Sikiliza tumbo lake," akaniambia. "Likiwa na njaa linanguruma. Likishiba linapiga mluzi."

Nikaanza kusikiliza. Kweli, sauti ilipanda kadiri maji yalivyopanda. Hewa iliyobaki ndani ndiyo iliyokuwa ikiimba, na kadiri nafasi yake ilivyokuwa fupi ndivyo sauti ilivyokuwa nyembamba. Nilijua hilo miaka mingi kabla ya kujua neno fizikia, na nililijulia kwenye jerikeni ya njano iliyokuwa zamani ya mafuta ya kupikia.

Nilipofika miaka kumi na mitatu, jerikeni zikaanza kumwagika. Moja, halafu mbili, halafu kila lori lilipokuja. Maji yalifika shingoni, yakapita, yakamlowesha Haboba miguu, naye bado anamsema dereva. Mara ya kwanza tulicheka wote.

"Mama, leo unaoga na nguo?" dereva akamtania.

Mara ya nne Haboba hakucheka. Alinipa mpira mkononi, akaingia ndani.

Nilielewa kabla ya mama kuelewa. Jerikeni ikiwa tupu aliisikia vizuri. Ilipoanza kupiga mluzi, mluzi ule ulipita juu ya masikio yake kama ndege asiyetua. Sauti nyembamba zilikuwa zinamwacha.

Hilo lingekuwa jambo la miguu kulowa tu, kama si kwaya. Haboba aliimba sauti ya pili tangu usichana wake, katika kila kanisa ambalo maisha yalimpeleka, na hapa Juba alikuwa na mahali pake kwenye benchi la nyuma, karibu na dirisha. Kinanda cha kanisa kilikuwa kidogo, cha betri, na spika yake ililia kama mbu. Alipoacha kukisikia alianza kupotea. Hakupotea kwa aibu. Aliimba kwa nguvu na kwa furaha, pembeni kabisa ya wimbo, kama mtu anayetembea kwenye majani akidhani yuko barabarani. Mwalimu wa kwaya, kijana aliyekulia Kenya kama sisi, alivumilia wiki tano. Wiki ya sita alimfuata baada ya ibada.

"Mama, si upumzike kidogo? Hata wiki mbili tatu hivi, upate nguvu."

"Nani amekuambia nimechoka?"

"Hakuna, Mama. Nasema tu upumzike."

Haboba alikuwa akimtazama midomo. Kisha akatazama wanakwaya wengine, waliokuwa wanakunja vitabu polepole mno na hawamtazami.

"Sawa, mwalimu," akasema. "Hata goti hili linanisumbua."

Goti lake halikuwa na tatizo lolote. Siku ile alitembea kwenda nyumbani haraka kuliko mimi.

Kilichonitisha kilikuja baadaye. Zamani aliimba akiponda karanga. Sasa aliponda tu. Ukimya ule ulikaa uani kwetu kama mgeni asiyeaga. Nikaamua, bila kumwambia mtu, kwamba nitamrudisha Haboba kwenye benchi lake. Sikujua nitafanyaje. Nilijua tu kwamba ndege ikishuka alikuwa anainua kichwa kabla yangu, na lori likipita mbali alilijua. Masikio yake hayakuwa yamekufa. Yalikuwa yamehamia chini, kwenye sauti nene.

Nilikuwa na kitabu cha fizikia alichotuachia mjomba, kisicho na jalada wala kurasa za mwanzo, nami nilikisoma kama wenzangu walivyosoma hadithi. Shule yetu haikuwa na mwalimu wa somo hilo, kwa hiyo nisichokielewa nilikisoma tena, na nisipokielewa tena nilijichukia, halafu nikakisoma mara ya tatu. Kitabu kilisema mambo mawili niliyoyahitaji. Bomba refu hutoa sauti nene, bomba fupi hutoa nyembamba. Na ukilipiga bomba mdomoni, inayoimba si plastiki, ni hewa iliyomo.

Jirani yetu alikuwa fundi wa mabomba, Mganda, mtu mwembamba aliyevaa kofia ya sufu hata wakati wa joto. Uwanja wake ulijaa vipande vya bomba vya kila saizi. Nikaenda.

"Fundi, naomba vipande."

"Vipande ya nini? Nyinyi iko najenga choo?"

"Nataka kutengeneza ala. Ya muziki."

Aliweka msumeno chini, akaniangalia. "Wewe mtoto, mimi natoka Arua na hii kazi. Bomba nimeona inaleta maji, nimeona inatoa uchafu. Kuimba, bado."

"Itaimba."

"Basi ikiimba, kuja niite. Ikitoa uchafu, usiite mimi."

Nilitaka mabomba manane, noti zote ambazo sauti ya pili huzipitia, tena za chini, mahali ambapo masikio ya Haboba yalikuwa bado yanakaa. Refu kuliko yote lilinifika kidevuni. Nilikata kwa msumeno wa chuma, nikasugua kingo kwa msasa, nikapiga mdomo wa bomba kwa ndara ya zamani ya mpira, na bomba likasema *duum*, sauti ya duara na ya upole, kama mtu mnene anayecheka ndani ya chumba kingine. Haboba alikuwa anachambua mchele, amenipa mgongo. Aligeuka.

"De sunu?" akauliza. Hiki ni nini?

Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi kugeuka kwa sababu ya sauti yangu mimi.

Hapa lazima nikiri mambo. Kitabu kilisema bomba la nusu ya urefu hutoa noti ileile, ila oktava moja juu, yaani ngazi nane. Nilikata nusu kamili, nikapiga, ikawa chini kidogo. Kidogo tu, mtu mwingine angepuuza. Mimi sikulala vizuri. Nilidhani msumeno umeniponza, nikakata lingine, na lingine, mpaka nikaharibu mabomba manne mazima ambayo fundi alinipa kwa moyo mweupe. Niliyaficha chini ya kitanda ili asione. Siku ya tisa niliweka kiganja karibu na mdomo wa bomba huku napiga, nikahisi hewa ikinipapasa hapo nje. Ndipo nilipoelewa: sauti haigeuki pale plastiki inapoishia. Inachungulia nje kidogo, ndipo inarudi. Kila bomba ni refu kuliko tepu inavyosema, na kwa bomba fupi nyongeza hiyo ina uzito zaidi. Baadaye niliona kwamba kitabu kilikuwa kimelisema hilo kwa maandishi madogo chini ya ukurasa. Nilikuwa nimesoma kila kitu mara tatu isipokuwa maandishi madogo.

Nilipomaliza, nikamwita fundi. Alisikiliza mabomba yote manane yamelazwa kwenye fremu ya mbao, akavua kofia yake ya sufu, jambo ambalo sikuwahi kuliona. "Kumbe hii kitu iko na akili," akasema. Sikujua kama ananisifu mimi au bomba.

Mwalimu wa kwaya hakuvua kofia. Nilimweleza kwamba nitakaa na Haboba nyuma, nitampigia noti zake taratibu wakati wa wimbo, naye ataweka mkono kwenye bomba, asikie kwa sikio na kwa kiganja. Alikuna shingo.

"Sikia," akasema. "Nakupa Jumapili moja. Ile ya Mavuno. Lakini Mama akitoka nje ya wimbo mbele ya watu wote wale, sitamrudisha tena. Si kwa ubaya. Sitaki achekwe. Tumeelewana?"

Tulielewana. Sasa ilibidi mabomba yapatane na kinanda kabisa, kwa sababu kwaya ingefuata kinanda na Haboba angefuata mabomba. Nikachagua saa tulivu kuliko zote. Jumamosi alfajiri, kabla majenereta hayajawashwa na boda-boda hazijaamka, mwalimu alinifungulia kanisa. Kulikuwa na ubaridi ule mzuri wa kiangazi kinapoanza, unaokufanya ujikumbatie. Nikabonyeza noti kwenye kinanda, nikapiga bomba, nikasugua msasa, nikapiga tena. Mpaka jua linatoka, ungeweza kubonyeza kinanda na kupiga bomba pamoja, usijue ni vitu viwili.

Na joto nililifikiria, usidhani sikulifikiria. Kitabu kilisema vitu vikipata joto hurefuka. Nilikokotoa: bomba langu refu lingerefuka kwa unene wa ukucha, noti ingeshuka kiasi ambacho hakuna sikio lingejua. Nikapiga mstari chini ya jibu. Nilijiona mwerevu kupita kiasi.

Jumapili ya Mavuno kanisa lilifurika. Watu walileta mtama, ufuta, mihogo, kuku waliofungwa miguu, hata mbuzi mmoja aliyekuwa na maoni yake kuhusu mahubiri. Haboba alivaa lawa yake ya bluu, ile shuka ya kufunga begani, iliyonyooshwa kwa pasi ya makaa. Tulikaa benchi la nyuma karibu na dirisha. Wimbo wa kwaya ulipangwa wakati wa kutoa mazao, na mahubiri yalikuwa marefu. Ilipofika zamu yetu ilikuwa saa sita, mabati yanalia juu yetu kwa joto na jasho linanichuruzika kwenye viwiko.

Nikapiga bomba la kwanza. Haboba akaweka kiganja, akafumba macho, akaipata noti yake, safi kama zamani. Uso wake ulifunguka. Kisha kinanda kikaingia, na kwaya nzima ikaingia nacho.

Mabomba yangu yalikuwa juu. Hayakuwa juu sana. Yalikuwa katikati ya noti mbili, mahali ambapo hakuna wimbo. Na Haboba alikuwa huko huko, anaimba kwa kifua chote, akifuata kila pigo langu kwa uaminifu, peke yake dhidi ya watu ishirini. Wanawake wa sauti ya kwanza wakageuka. Watoto wakaanza kusukumana viwiko na kucheka ndani ya mikono. Mwalimu alinitazama mimi, si Haboba, huku mkono wake ukisukuma hewa kwenda chini.

Ningeweza kuacha kupiga. Nimelifikiria hili miaka yote na sitaki kukudanganya. Ningeshusha ndara, Haboba angenyamaza, yangeisha kwenye ubeti wa kwanza. Sikuacha, kwa sababu kuacha kungekuwa kukubali mbele ya kanisa zima kwamba nimekosea. Nilipiga beti zote tatu.

Baada ya ibada mwalimu alikuja, akikunjakunja karatasi yake. "Nilisema moja," akaniambia, kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko ukali.

Nyumbani Haboba alibadilisha nguo, akakaa kumenya karanga. Mimi nilikaa chini karibu naye na kulia kama mtoto wa miaka mitatu. Ilibidi nimwambie kwa sauti kubwa, polepole, ili asome midomo yangu; jaribu kuungama kosa kwa kupiga kelele, utaona ilivyo vigumu.

"Haboba, mabomba yalikuwa juu. Nimekupoteza mbele ya watu."

"Najua."

"Ulisikia?"

"Masikio hayakusikia kitu. Macho yaliona. Yule mama wa mbele aligeuka kama ameumwa na siafu. Na mwalimu alikuwa hivi, hivi, kama anafukuza kuku." Akaiga, na mabega yake yakatikisika kwa kicheko.

"Ulijua tangu ubeti gani?"

"Wa kwanza."

"Sasa kwa nini hukunyamaza?"

Alipuliza maganda kutoka kiganjani kabla ya kunijibu. "Wewe ulikuwa bado unapiga," akasema. "Ningekuacha na nani?"

Akanisukumia beseni la karanga.

"Lia umalize, bineya, binti yangu. Kesho unatengeneza. Mimi nataka benchi yangu."

Kesho yake, badala ya kufikiri, nilijaribu. Kati ya yale mabomba mabovu chini ya kitanda yalikuwamo mapacha, mawili ya urefu mmoja na sauti moja. Moja nililaza juani. Lingine nililifunga kwa gunia lililolowa, nikaliweka kivulini nyuma ya jiko. Ilipofika adhuhuri nikayapiga yote mawili. La juani lilikuwa juu. Si chini kama hesabu yangu ilivyosema, juu. Plastiki ilikuwa imerefuka kwa unene wa ukucha, sawa, lakini hewa ndani yake ilikuwa imepata joto, na hewa ya moto hupitisha sauti haraka zaidi. Nilikuwa nimekokotoa joto la kitu kisichoimba. Nikarudi kitabuni. Kasi ya sauti waliyoiandika, ile niliyoikariri kama sala, ilikuwa ya hewa ya nyuzi kumi na tano. Aliyeandika aliishi mahali ambapo mchana ni baridi kuliko alfajiri yetu. Na mimi, kwa kutafuta ukamilifu, nilichagua saa pekee ya Juba inayofanana na kwake.

Nikaenda kwa fundi, na mara hii nilibeba mabomba niliyoharibu, nikayaweka mbele yake yote. Aliyahesabu kwa macho, akaguna. Nikamweleza kwamba nahitaji bomba linaloweza kuwa fupi asubuhi na refu mchana.

"Hiyo tu?" akasema. "Hiyo si shida. Hiyo ni soketi."

Aliwasha karatasi za mifuko ya saruji, akazungusha mdomo wa kipande kimoja juu ya moto mpaka plastiki ikalegea na kunuka, kisha akakisukumia juu ya bomba lingine kabla hakijapoa. Kikapanuka, kikashika umbo. Mafundi hufanya hivyo kila siku kuunga mabomba bila kununua viungio. Yeye alikiacha kilegee kidogo, kiweze kuteleza. Alipokivuta nje bomba likawa refu, alipokisukuma ndani likawa fupi.

"Umeona? Sasa iko na shingo kama kobe."

Tulifanya manane kwa siku mbili. Kwa bomba refu kuliko yote, tofauti kati ya alfajiri na adhuhuri ilikuwa upana wa vidole viwili. Kwa fupi, kidole kimoja. Nilichora alama kwa msumari: asubuhi, saa nne, mchana. Haboba alidai alama moja zaidi, ya siku ambazo mahubiri ni marefu.

Mwalimu hakutaka kusikia. Ndipo Haboba mwenyewe alipomfuata, saa sita ya jua kali, mimi nyuma nikiwa nimebeba mabomba kichwani na fundi akinisaidia fremu.

"Mwalimu, sikuja kuomba," akamwambia. "Nimekuja unisikilize. Ukimaliza, sema unavyotaka."

Nani angemkatalia? Alifungua kanisa. Ndani palikuwa kama tanuri la mkate. Nilivuta soketi zote hadi alama ya mchana, nikahakikisha mara moja. Mara moja tu. Nikapiga, Haboba akaweka kiganja, akaimba sauti ya pili ya ule wimbo wa Mavuno bila kinanda, bila kwaya, beti zote. Fundi alisimama mlangoni. Haboba alipofika noti ya mwisho, mwalimu aliibonyeza kwenye kinanda kwa kidole kimoja. Haboba alikuwa bado ameishika. Sauti zote mbili zilikuwa kitu kimoja. Alibonyeza tena, kama mimi ninavyofanya.

"Mama," akasema, "mazoezi ni Alhamisi."

"Najua ni lini. Nilikuwa naenda mazoezi kabla hujazaliwa."

Aliimba Krismasi ile, na miaka minne iliyofuata. Waumini walizoea kusikia plastiki ikijikwaruza katikati ya sala, mimi nikivuta soketi kadiri jua lilivyopanda. Siku nyingine Haboba alinigusa goti kunikumbusha kabla sijaona kivuli cha dirisha kimesogea. Nyumbani kinu kikapata wimbo wake tena, na jerikeni nilizijaza mimi.

Alifariki mwanzoni mwa mvua, nikiwa na miaka kumi na saba. Mabomba hayapo pia. Jua liliyafanya makavu, yakavunjika moja baada ya jingine mikononi mwa watoto, na sikuyalilia, kwa sababu daftari nililoandikia vipimo linajua urefu wa kila moja. Fundi amerudi kwao Arua. Mwalimu amehamia mji mwingine na nasikia ana watoto wake sasa, wanaopiga kinanda vibaya.

Kazi yangu naijua, nasema bila kuona haya. Nina kipimajoto, nina simu inayoonyesha noti kwa taa ya kijani, na ala ninazotengeneza zinakaa mahali pake asubuhi na mchana. Bado nakosea. Mwaka huu nilikabidhi marimba kwenye shule moja upande wa Bilpam, hapa hapa Juba, na mbele ya walimu wote vibao viwili vikatoa noti ya uongo, mbao haikuwa imekauka. Sikujificha. Nilieleza kosa, nikaomba chumba, nikarekebisha siku ileile. Hakuna aliyecheka. Walikuwa watu wema, wakaniletea chai, wakasimama pembeni wakingoja nimalize.

Nilikunywa ile chai nikijua ninachokikosa, na mwezi uliopita, kwenye benchi lile la nyuma, nikakijua tena. Watu wema wamejaa Juba, na wengi watakungoja pembeni. Haboba hakunisubiri pembeni. Aliingia ndani ya kosa langu, akafumba macho, akaimba beti zote tatu.